Kuchagua pawasaplai mpya ya kompyuta ya mezani: soma plagi na lebo kabla hujatoa pesa

Mama mmoja mwenye stesheneri Nkuhungu alinipigia asubuhi na mapema. "Fundi, siipiyu (boksi zima la kompyuta) imegoma kuwaka na wanafunzi wamejaa mlangoni." Usiku umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo. Nilipofika nikakuta ameshanunua pawasaplai mpya mjini, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, boksi limeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba mashine yake ni Dell OptiPlex 7020, na mazabodi ile (bodi kuu ya ndani) haina soketi ya pini 24. Ina ya pini 8. Pesa imetoka, kazi imelala, na dukani wamekataa kurudishiwa mali.

Siku ile iliniuma, kwa sababu dakika kumi za kuangalia zingemwokoa. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyochagua mimi pawasaplai ya kubadilishia, hatua kwa hatua, kwa kompyuta tunazokutana nazo hapa Dodoma.

Hatua ya 1: Hakikisha iliyokufa ni pawasaplai

Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile ya ukutani. Kama ulipitia ekstensheni, iondoe. Kisha angalia waya wa umeme wenyewe: plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndogo ndani, na umeme ukirudi kwa nguvu fyuzi hiyo ndiyo huanza kuondoka. Azima waya wa kompyuta nyingine ujaribu. Nimeshaitwa mara nyingi kwa ajili ya "pawasaplai imeungua" nikaondoka baada ya kubadilisha fyuzi tu.

Ukishamaliza hapo, jaribu pawasaplai peke yake. Chomoa umeme, chomoa plagi zake zote kwenye mazabodi, bakiza diski moja ya zamani ya kuhifadhia mafaili (hadi diski) au feni ili iwe na mzigo kidogo. Kwenye plagi ya pini 24, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya. Ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka, pima kwa mita ya kupimia volti: waya wa njano na mweusi zikupe kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Feni isipogeuka kabisa, au volti zikiwa nje ya hapo, umempata mgonjwa. Feni kuzunguka na volti kuwa sawa bila mzigo mkubwa bado si uthibitisho kamili, maana nyingine huanguka zikipewa kazi, ila utakuwa umepunguza mashaka.

Kipimo hiki ni cha plagi ya pini 24 yenye waya za rangi. Kama waya zote ni nyeusi, au plagi ni ya pini 6, 8, 10 au 14, usibahatishe tundu. Tafuta mchoro wa modeli hiyo kwanza.

Na tafadhali sana, usifungue boksi la bati la pawasaplai. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300, na hubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Hiyo inaua.

Hatua ya 2: Tambua umbo na plagi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua ubavu wa keisi, yaani boksi la kompyuta, piga picha kila plagi kabla hujagusa kitu. Kisha pima pawasaplai kwa rula. Ya kawaida, iitwayo ATX, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kina huanzia 140, na zenye nguvu zaidi huwa ndefu kuliko hapo. Kwenye keisi ndogo utakuta SFX, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, au TFX, ile nyembamba na ndefu ya 85 kwa 65 kwa 175. Umbo likitofautiana, skrubu hazitakaa na huenda mfuniko usifunge.

Sasa plagi. Kompyuta iliyoungwa na fundi kwa vipande vya dukani karibu kila mara hutumia pini 24 kwenye mazabodi, pamoja na plagi ya prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya pini 4 au 8. Lakini ofisi, stesheneri na vyumba vya kompyuta vya shule nyingi hapa kwetu vinatumia mashine za mtumba za Dell, HP na Lenovo, na kampuni hizo zina mambo yao. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina plagi za pini 6. ThinkCentre za kipindi hichohicho nyingi zina pini 14, na za baadaye pini 10. Hesabu kwa kidole. Usimwambie muuzaji "nataka ya Dell" ukaishia hapo.

Kuna waya za kugeuza plagi ya pini 24 kuwa 8, 6 au 14. Zinafanya kazi, na kwenye keisi kubwa yenye nafasi nimezitumia bila shida. Kwenye keisi nyembamba sizipendi: waya hubanana, hewa haipiti, na pawasaplai ya ATX yenyewe haiingii. Kwa mashine hizo natafuta ya asili ya modeli ileile. Soma namba iliyo kwenye lebo ya pawasaplai ya zamani: Dell huandika DP/N, HP huandika Spare No., Lenovo huandika FRU. Piga picha ya namba hiyo na ya plagi, mtumie muuzaji hapa mjini au Kariakoo, na umwombe naye akutumie picha ya plagi za alichonacho kabla hujalipa. Mzigo wa kutoka Dar ni wa siku moja tu kwa basi. Kukosea ndiko kunakogeuza siku moja kuwa wiki.

Jambo moja la hatari: plagi ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi ya grafiki (kadi ya ziada ya picha na gemu) zinafanana, lakini waya za njano na nyeusi zimepangwa kinyume. Ukiona inakataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. Plagi sahihi huingia kwa kubonyeza kidogo, na kishikizo chake hulia "ka".

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wati

Chukua kompyuta ya stesheneri ya kawaida. Prosesa kama Core i5-6500 ni wati 65. Mazabodi na memori weka 40. Hadi diski weka 25, kwa sababu wakati wa kuanza kuzunguka hula zaidi kuliko ikishatulia. Feni na vya USB, 15. Jumla ni wati 145. Pawasaplai ya kweli ya wati 300 inatosha na inabaki. Anayekulazimisha ununue ya 700 kwa kuchapa barua na kutoa kopi anakumalizia pesa.

Kadi ya grafiki ndiyo hubadilisha hesabu. GTX 1650 hula wati 75, kiasi ambacho soketi ya mazabodi inaweza kukipeleka yenyewe, ingawa baadhi ya modeli zake huja na plagi ya ziada. RTX 3060 hula 170, na Nvidia wenyewe wanashauri pawasaplai ya 550. Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaohariri video au kucheza gemu, hesabuni kwa kadi kwanza, vingine baadaye.

Hatua ya 4: Soma ampea za volti 12

Namba kubwa ya kwenye boksi iache. Geuza pawasaplai, tafuta jedwali lenye +3.3V, +5V, +12V. Prosesa na kadi ya grafiki hulishwa na volti 12, kwa hiyo namba unayoitaka ni ampea zake. Zidisha kwa 12. Ikiwa imeandikwa 16A, hiyo ni wati 192 tu, hata boksi liseme 500. Pawasaplai ya 500 iliyotengenezwa kwa uaminifu hukaribia 40A kwenye volti 12. Ukikuta +12V1 na +12V2, yaani volti 12 imegawanywa njia mbili, usijumlishe ampea zao. Tafuta wati za pamoja zilizoandikwa chini yake.

Lebo isiyo na jedwali hilo, rudisha kaunta. Ishike mkononi pia: nyepesi kama boksi tupu, yenye waya wembamba, mimi siipeleki kwa mteja.

Nembo ya 80 Plus ina maana. Inaonyesha kuwa umeme hautupwi hovyo kuwa joto. Mashine inayohitaji wati 200 kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta 250 ukutani, na 50 zile zinageuka joto ndani ya keisi. Oktoba na Novemba, chumba cha bati pale Majengo, joto hilo unalihisi kwa mkono.

Hatua ya 5: Swichi nyekundu

Baadhi ya pawasaplai nyuma zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mzigo kutoka Marekani unaweza kufika ukiwa kwenye 115, na ukiuchomeka hivyo utasikia mlipuko na moshi papo hapo. Angalia swichi hiyo kabla ya waya kugusa ukuta, hata kama muuzaji amekuambia ameshaijaribu. Zisizo na swichi nyingi hujirekebisha zenyewe. Lebo itasema 100 hadi 240.

Hatua ya 6: Funga, pima, linda

Kama pawasaplai mpya ina waya za kuchomoka, tumia zilizokuja nayo tu. Waya za pawasaplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio ukiwa tofauti, na hadi diski yenye kazi za wateja ikaungua kwa sekunde.

Kabla ya kufunga, toa vumbi lote kwenye keisi kwa blowa, nje ya nyumba, huku umeshika feni zisizunguke. Kiangazi chetu, na ule upepo wa mchana, hujaza feni vumbi jekundu ndani ya miezi michache, na pawasaplai isiyopumua haidumu. Kompyuta inayokaa sakafuni ipandishe juu ya meza.

Washa, iache ifanye kazi nusu saa, kisha pima tena volti 12 kwenye plagi ya hadi diski isiyotumika. Ikishuka chini ya 11.4 wakati mashine ina kazi nyingi, irudishe dukani siku hiyohiyo. Ikibaki palepale, weka stabilaiza au UPS (kifaa chenye betri ya akiba) mbele yake, na siku umeme ukikatika zima swichi ya ukutani; washa tena baada ya dakika chache umeme ukishatulia.

Yule mama nilimpatia ya asili ya pini 8 kesho yake mchana. Nikaandika tarehe na ampea ubavuni kwa maka peni, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze kukisia.