Kupima miksa ya masafa ya bendi ya C kabla ya kuifunga

Miksa huchanganya mawimbi yanayoingia na yale ya oskileta (chanzo cha mawimbi ya masafa thabiti) na kutoa masafa ya tofauti yao. Mfano ni miksa ya diodi inayotaka oskileta ya +7 dBm (dBm ni nguvu ikilinganishwa na miliwati 1): mawimbi ya 4.0 GHz yanaingia, oskileta ni 5.15 GHz, yanatoka 1.15 GHz. Fundi wa madishi Mtwara au Lindi akiwa na jenereta tatu (moja ya oskileta, mbili za mawimbi ya kuingiza) na analaiza ya spektra, kifaa kinachoonyesha nguvu ya kila masafa, kazi inawezekana.

Anza na kebo. Pima upotevu wa kila moja kwenye masafa itakayobeba, maana kebo hula zaidi 5 GHz kuliko 1 GHz. Shangani na Mikindani hewa ya chumvi huzitia konekta kutu, na kipimo huanza kurukaruka ukigusa kebo. Zisafishe kwa isopropili na uziache zikauke. Funga kipunguza nguvu cha 3 dB kwenye kila mlango, hasa wa kutolea, ili mawimbi yanayorudi yasivuruge hesabu. Usisahau kukirudisha kwenye hesabu.

Sasa ingiza −20 dBm. Ukisoma −27 dBm baada ya masahihisho, upotevu wa ubadilishaji ni 7 dB. 6 hadi 8 ni wa kawaida. Ukipata 10, usikimbilie kulaumu diodi: pima kwanza nguvu ya oskileta pale inapoingia kwenye miksa. Mara nyingi kasoro iko hapo. Miksa ya aina hii huongeza kelele kwa kiasi kinachokaribia upotevu wake, kwa hiyo amplifaya ya kelele ndogo hutangulia.

Uvujaji wa oskileta ni rahisi: zima mawimbi, ziba mlango wa kuingizia kwa omu 50, soma 5.15 GHz kwenye mlango wa kutolea. Oskileta ya +7 dBm ikisomeka hapo −23 dBm, utengano ni 30 dB.

Kwa mgandamizo, yaani pale miksa inapoanza kulemewa, pandisha nguvu ya kuingia 1 dB kila mara mpaka upotevu uongezeke kwa 1 dB. Andika nguvu iliyoingia.

Kipimo kinachowashinda wengi ni cha toni mbili. Unganisha 4.000 na 4.001 GHz kwa kiunganishi chenye utengano mzuri, kila moja −10 dBm. Toni hutokea 1150 na 1149 MHz, vizalia vyake vya upotoshaji 1151 na 1148. Tofauti kati ya toni na vizalia ikiwa 50 dB, gawa kwa mbili, jumlisha na −10: +15 dBm, ambayo ndiyo IP3 ya kuingilia (nguvu ya kinadharia ambapo vizalia vingelingana na toni). Kisha ongeza 10 dB za kipunguza cha ndani cha analaiza. Tofauti ikibadilika, umepima upotoshaji wa analaiza, si wa miksa.

Mwisho ingiza 6.3 GHz, masafa ya taswira yaliyo upande wa pili wa oskileta. Nayo hutokea 1.15 GHz, na miksa ya kawaida haiwezi kuitofautisha. Chujio mbele yake ndilo huizuia.