Tarehe ya mwisho isiwe saa sita usiku

Kwa wenzangu mnaohudumia Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, vyuoni hapa Moshi na Arusha: waombeni wahadhiri waache kuweka mwisho wa kukusanya kazi za wanafunzi saa sita usiku. Muda huo mtu wa tehama amelala, na mwanafunzi aliyekatikiwa umeme kule Rombo hana wa kumpigia. Saa kumi jioni, siku ya kazi, inatosha kabisa.

Kuna mtego mwingine. Mhadhiri akichagua Ijumaa na kuacha saa 00:00, muda unaisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Yeye alikusudia Ijumaa nzima, darasa nalo lilielewa hivyo, na asubuhi malalamiko yote yanakuja kwenu.

Tumieni pia tarehe zote mbili zilizopo kwenye mpangilio wa kazi. Ya kwanza ni ya kukusanya: anayeipita bado anapokelewa, ila mfumo unamwandika kuwa amechelewa. Ya pili ndiyo inayofunga mlango. Mimi hupendekeza zipishane saa 24. Mtandao ukisumbua jioni, hakuna haja ya vikao. Lakini mwanafunzi ajue mapema kama kuchelewa kunakata alama, hilo ni la mhadhiri.

Akibaki mmoja mwenye sababu ya kweli, mwongezeeni muda yeye peke yake kwenye orodha ya kazi zilizokusanywa. Msisogeze tarehe ya darasa zima. Na hakikisheni seva inasoma saa za Afrika Mashariki, Africa/Dar_es_Salaam.