Kigeuze Kwanza: Ushauri wa Fundi kwa Anayetaka Kinyago cha Bakongo

Mwaka 2009 nilitoa dola 220 kwa kinyago nilichoambiwa ni cha Bakongo, kimetoka misitu ya Mayombe magharibi mwa Kongo, na kwamba babu wa muuzaji alikicheza enzi za Wabelgiji. Nilikuwa na miaka mitatu tu Kinshasa, mtu wa Bukavu, seremala tangu ujana, na kwenye mambo ya mbao nilijiona hakuna wa kunidanganya. Nyumbani nikakifuta vumbi kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka cheusi, chumba kizima kikanuka dawa ya viatu. Mke wangu akachungulia mlangoni: "Baba watoto, hiki ni kinyago au ni kiatu?"

Tangu siku hiyo, kinyago chochote ninacholetewa, kiwe cha kununua au cha kutengeneza, sikianzi usoni. Nakigeuza. Uso umechongwa ili utazamwe, na mtu wa kughushi jasho lake lote amelimwaga hapo. Akifika upande wa ndani, pale pa kugusa ngozi ya mchezaji, ameshachoka.

Ila kwanza hakikisha unachoshika ni cha Bakongo kweli. Sokoni kila kinyago kilichopakwa rangi nyeupe huitwa "Kongo". Bakongo wako jimbo la Kongo Central (zamani Kongo ya Chini), upande wa Brazzaville, Cabinda na kaskazini mwa Angola, na ndani yao kuna Wayombe, Wavili, Wawoyo, Wasundi na wengine. Vinyago kwao ni vichache ukilinganisha na sanamu zao za nkisi, yaani sanamu za uganga, ambazo baadhi zimepigiliwa misumari, kwa hiyo muuzaji mwenye vinyago kumi na vitano vya Kiyombe mezani amekwisha kujisema mwenyewe. Cha Kiyombe kina sura ya mtu hasa: mashavu yamejaa, mdomo uko wazi kidogo, na mara nyingi meno ya juu yanaonekana yamechongwa, maana watu wenyewe walikuwa wakichonga meno. Vingine vina ndevu za manyoya ya mnyama. Wenye navyo walikuwa banganga, yaani waganga na waaguzi.

Kinachowachanganya wengi ni kinyago cha Wapunu wa Gabon: uso mweupe, macho yamefinywa kama ya mtu anayesinzia, nywele zimesukwa juu, na kwenye paji alama za chale zilizopangwa kama magamba. Ni kizuri sana, lakini si cha Bakongo. Ukiona mistari sambamba imechimbwa uso mzima, hicho ni kifwebe, kinyago cha Wasongye au cha jirani zao Waluba. Pua iliyopinda kwenda juu, nenda kawaulize Wayaka.

Sasa kigeuze. Peleka tumbo la kinyago, yaani upande wa ndani, kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Tafuta alama za tezo na kisu: vibapa vidogo visivyolingana, kila kimoja na upana wake. Ukikuta mikwaruzo myembamba ya msasa, au duara zinazofuatana za mashine, shughuli imeisha. Kisha tafuta jasho. Mtu anayecheza hatoi jasho sawasawa. Kinyago humgusa kwenye paji, juu ya pua, kwenye mifupa ya mashavu na kidevuni. Hapo ndipo mbao huwa nyeusi na laini, inang'aa kidogo kama mpini wa jembe la zamani. Kwingine hubaki kavu. Tumbo lililokolea rangi moja pande zote limepakwa tu, iwe kwa dawa ya viatu, kahawa au pamanganeti.

Miaka michache baadaye nilikipeleka kile changu kwa mzee mmoja wa Tshela, mji wa huko Mayombe, nikamwita Tata, yaani baba, kama wanavyoitana kule. Hakuuliza bei wala asili. Alipitisha kidole gumba ndani ya paji, akakinusa kama mama anavyonusa samaki mkavu sokoni, akamwambia mjukuu wake maneno ya Kikongo. Mjukuu akaona haya kunitafsiria: "Anasema hiki hakijawahi kuona mtu."

Kisha akaniambia nikivae. Hilo ndilo jaribio ambalo sijawahi kuliacha tena. Pua yangu haikupata nafasi, tundu za macho zilikuwa zimeachana mno, na nilipoinama sikuona miguu yangu. Mchezaji asiyeona miguu yake ataanguka kabla ngoma haijakolea. Angalia pia tundu za ukingoni, zilipofungiwa kitambaa au nyuzi za rafia. Za kweli kingo zake zimelika upande mmoja, ule uliokuwa ukivutwa. Na uzito: vinyago hivi mara nyingi vilichongwa kwenye miti myepesi. Kikiwa kizito kama kinu, jiulize ni shingo gani iliyokibeba.

Tundu za wadudu zisikutie imani haraka. Mdudu aliyekomaa hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Ukiona vijia vyao viko wazi kama mifereji juu ya uso wa mbao, fundi amechonga mti uliokwisha kubunguliwa ili uonekane wa kale.

Rangi ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko vyote. Ile nyeupe ni udongo unaoitwa mpemba (usicheke, ndugu msomaji wa Unguja), na ni rangi ya wafu na ya ukweli, ndiyo maana ilimfaa mwaguzi. Nyekundu ni tukula, unga wa mti mwekundu. Nyeusi ni masizi au makaa. Udongo huu hupukutika mahali palipojitokeza, kama ncha ya pua na nyusi, ukabaki kwenye mikunjo. Ukilowesha pamba kidogo ukagusa ukingo wa ndani, udongo utaipaka pamba rangi. Rangi ya ukutani haitoki. Lakini usihukumu hivyo kinyago cha ndunga cha Wawoyo wa pwani ya Muanda, kile kikubwa chenye madoa kinachochezwa na vazi la majani makavu ya mgomba. Ndunga hupakwa upya kila kinapotakiwa, na rangi ya dukani juu yake si kosa. Pale unatafuta tabaka: chini ya nyekundu kuna nyeupe, chini yake nyeusi.

Karatasi sasa. Kazi ya kale haitoki Kongo bila kibali cha serikali, na wakusanyaji makini huuliza ushahidi kwamba kilikuwa nje kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni: picha, risiti, katalogi ya mnada. "Kilikuwa kwa mmisionari" si ushahidi. Mambo haya si ya kuchezea. Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikabidhi kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, watu wa kusini-magharibi mwa Kongo, kwa makumbusho ya taifa hapa Kinshasa, na bado Ubelgiji ilikiita mkopo, ingawa hauna kikomo. Kwa maoni yangu, mwenye dola 200 anunue kazi mpya kwa mchongaji anayemjua, iandikwe jina na mwaka kwa ndani. Ni kinyago kisichokulazimisha kusema uongo sebuleni.

Ukishakipata, usikipake mafuta, usikioshe, na usikitundike kwa tundu za macho. Vumbi litolewe kwa brashi laini, tena mahali pasipo na udongo wa mpemba tu. Ukiona unga mpya wa mbao chini yake, kuna mdudu hai: kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache mfukoni siku nzima kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utatua kwenye mbao. Na juu ya mfuko andika kwa wino mzito SI CHAKULA. Shemeji yangu alishawahi kuutoa wangu asubuhi akidhani ni kichwa cha mbuzi.