Makaroni ya bata mzinga ya kuoka kwenye vibakuli, hata kwa makaa

Bata mzinga wa sikukuu hamalizwi siku moja, hasa yule dume la kienyeji: mnamla mchana, mnamla usiku, na kesho yake bado paja zima liko kwenye friji. Wamarekani, ambao humla Alhamisi ya nne ya Novemba, wana chakula chao cha kumalizia mabaki: tambi, nyama, uyoga na sosi ya maziwa, vyote vinaokwa pamoja. Wanakiita Tetrazzini, jina la Luisa Tetrazzini, mwimbaji wa opera kutoka Italia. Mimi hapa Mbeya natumia makaroni mafupi na nagawa kwenye vibakuli, kila mtu na chake. Juzi nilikuwa namwelekeza kwa simu dada mmoja wa Uyole anayetaka kukiuza kwa oda, na karibu maswali yake yote yalihusu sosi. Hapo ndipo nitakapokaa.

Kwa vibakuli 6 vya mililita 350 hivi: makaroni gramu 250, nyama iliyoiva gramu 300, uyoga gramu 200, siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 50, maziwa mililita 700, supu ya bata mzinga mililita 300, jibini gramu 120, kitunguu kimoja, chenga za mkate, pilipili manga na kungumanga.

Hatua ya 1: Nyama

Kama huna mabaki, nunua paja, achana na kifua. Kifua ni kikavu tangu mwanzo na ukikioka mara ya pili kinakuwa nyuzi. Chemsha kwa moto mdogo na kitunguu na chumvi mpaka nyama iachie mfupa. Ndege mzee anaweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi. Huku juu, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo usifuate muda wa watu wa Dar. Chambua kwa mkono. Supu usimwage.

Hatua ya 2: Makaroni

Yatoe kabla hayajaiva. Ng'ata moja: katikati ibaki nukta nyeupe. Pakiti ikisema dakika 10, anza kuonja ya tisa.

Hatua ya 3: Uyoga

Kaanga na kitunguu mpaka maji yake yote yakauke. Masika uyoga wa porini unauzwa barabarani, ni mtamu kweli, ila nunua kwa mtu unayemjua. Kwa chakula cha oda tumia wa kupandwa, ule wa mamama.

Hatua ya 4: Sosi

Anza na maziwa. Yale mabichi ya Rungwe yanayouzwa sokoni ni mazito na matamu kuliko ya pakiti, lakini yachemshe kwanza peke yake. Maziwa yaliyokaa tangu alfajiri huonekana mazima mpaka yapate moto. Yakikatika kwenye sufuria lake umepoteza maziwa tu. Yakikatikia juu ya siagi na unga umepoteza vyote.

Yeyusha siagi kwenye sufuria zito, moto mdogo. Majarini inakubali ila ladha yake utaisikia. Tia unga, koroga dakika mbili tatu mpaka harufu ya ubichi iishe. Usingoje ubadilike rangi. Epua. Mimina supu ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukitia kidogo cha kwanza mchanganyiko utakakamaa na kuwa donge moja. Usiogope wala usimwage supu yote kwa pupa: endelea kuongeza kidogo na kukoroga, litalainika. Ndipo ufuate na maziwa, kisha rudisha motoni. Tumia waya wa kupigia mayai. Mwiko haufiki pembeni mwa sufuria, na unga unajificha hukohuko. Yakibaki madonge, pitisha sosi kwenye chujio la chai. Blenda siipendi kwa kazi hii, inaifanya sosi ivutike.

Ikishachemka, iache kwa moto mdogo dakika tano ukiendelea kukoroga, halafu upime uzito. Wengi wanakosea hapa: wanataka sosi nzito, kwa kuwa inapendeza sufuriani. Iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Makaroni hayajaiva, yatakunywa. Chenga za mkate juu zitakunywa. Moto nao utakausha, na sosi yoyote ya unga inaganda zaidi ikipoa. Chovya mwiko, pitisha kidole nyuma yake: mstari uonekane, kisha uanze kujifunga taratibu. Ukibaki wazi kabisa, ongeza supu ya moto. Ukijifunga papo hapo, ichemshe dakika chache zaidi, usirushie unga mkavu.

Jibini inaingia ukiwa umeshaepua, nusu yake tu. Ikichemka inatoa mafuta na kuvuta nyuzi. Ile ngumu ya Njombe inafaa sana, ila ina chumvi, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza yako. Malizia kwa pilipili manga na kungumanga kidogo. Krimu ya pakiti ni kupoteza hela.

Hatua ya 5: Kugawa

Gawa nyama kwanza, bakuli kwa bakuli, maana wateja hulinganisha. Changanya makaroni, uyoga na sosi, mimina juu ya nyama, sukuma kwa kijiko ishuke. Sosi ionekane pembeni; isipoonekana, ongeza maziwa kidogo. Juu weka chenga zilizochanganywa na siagi na jibini iliyobaki.

Hatua ya 6: Kuoka

Oveni ya umeme: nyuzi 190, dakika 20 hadi 25. Kwa makaa, chukua sufuria kubwa lenye mchanga chini, lipashe moto dakika 15, panga vibakuli juu ya sahani ya bati, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa mengi juu, chini yabaki machache. Vyombo vya foili huungua kitako haraka, ndiyo maana ya hiyo sahani. Bakuli la kioo lililotoka kwenye friji lisiingie kwenye moto, litapasuka. Vimeiva pembeni pakitokota na juu pakiwa na rangi. Viache vitulie dakika 10.

Vya kuuza kesho, vipoze na uviweke kwenye friji bila kuvioka. Baridi ya Mbeya ya Julai isikudanganye ukaviacha mezani usiku kucha: hiyo ni nyama na maziwa. Kesho yake mwagia kila kimoja vijiko viwili vya maziwa, kiache kitoke baridi kidogo, funika kwa foili, na uongeze dakika 10 za kuoka. Foili itoe mwishoni juu pakauke.