Kabla hujapandisha nyumba juu ya chesi ya lori

Usianze kwa kununua lori. Najua umeshaliona, umelipiga picha pande zote nne na kila usiku unalitazama kwenye simu, lakini subiri. Kaa chini uandike uzito. Kila lori lina namba mbili unazopaswa kuzikariri: uzito wa juu linaoruhusiwa likiwa barabarani, na uzito wa juu wa kila ekseli. Toa uzito wa chesi tupu, ile fremu ya chuma iliyo chini ya lori, pamoja na kichwa chake. Kinachobaki ndicho utakachogawia kasha la kuishi, kitanda, makabati, maji, mafuta, betri, tairi la akiba, wewe, mwenzako na kila kitu mtakachosema "hiki hakina uzito". Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Tangi la lita 300 ni kilo 300 kabla hujaweka hata godoro. Dizeli ni nyepesi kidogo, kama kilo 0.84 kwa lita. Tairi la akiba la lori kubwa na rimu yake hupita kilo 100 bila shida, na hapo jiulize: nani atalishusha ukiwa peke yako porini? Weka winchi ndogo. Mgongo hauna spea.

Angalia leseni yako. Katika nchi za Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo kwa jumla huishia tani 3.5, na mradi wako ukivuka hapo itabidi urudi darasani.

Angalia kimo pia. Nchi nyingi za Ulaya zinakubali gari lisilozidi mita 4, ila matawi ya miti na nyaya zilizolegea hazijui sheria. Pima hadi ncha ya kitu kilicho juu kabisa, sola na antena zikiwemo, kisha uiandike namba hiyo mahali dereva anapoiona akiwa ameshika usukani.

Injini: kama unataka kwenda mbali, fikiri mara mbili juu ya lori jipya lenye mitambo ya kusafisha moshi. Injini ya Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, imetengenezwa kwa dizeli ya salfa ndogo sana, ambayo Ulaya haizidi miligramu 10 kwa kilo. Ukiilisha dizeli chafu, chujio la moshi litakudai. La zamani linatoa moshi, lakini linakula chochote na fundi wa njiani analielewa.

Matairi pacha ya nyuma hubana mawe katikati, na jiwe hilo hutafuna tairi zote mbili huku wewe unaimba. Wengi hubadilisha wakaweka tairi moja moja pana. Mchangani utaona faida: za nyuma zinapita kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa na za mbele, na spea moja inafaa kotekote. Lakini soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi. Moja sasa linabeba kilichokuwa cha mawili.

Kichwa kinachoinama mbele ili ufikie injini lazima kiendelee kuinama. Sentensi ya kijinga, naijua. Ila nimeona kwa macho yangu lori lenye kitanda kizuri kilichotokeza juu ya kichwa, na kichwa hakikuweza kuinuka hata kiganja. Ulipofika wakati wa kushughulikia injini, kasha zima lilibidi lifunguliwe lirudishwe nyuma. Ukiweka kipenyo cha kupita kutoka kwenye usukani hadi kwenye kasha, kiwe cha mpira unaokunjika, na kiwe cha kufunguka haraka.

Sasa chesi. Hapa nakaa kidogo.

Chesi ya lori ni kama ngazi: vyuma viwili virefu na vingine vifupi vya kukatiza. Ngazi hiyo imeundwa ijipinde. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda jiwe na la nyuma la kushoto likiingia shimoni, vile vyuma viwili havikai tena usawa mmoja, vinajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Si kasoro. Ndivyo magurudumu yote yanavyobaki ardhini. Kasha la kuishi nalo ni kinyume chake: paneli za faiba zenye povu gumu katikati, zimegundishwa pembe kwa pembe hadi zikawa kitu kimoja. Boksi halikamuliki. Ukivifunga viwili hivyo pamoja kwa bolti kila mahali, kimoja lazima kishindwe, na hakitakuwa chuma.

Mimi nilikuwa nayajua haya. Nilikuwa nimeyasoma. Kisha nikamwachia kazi fundi aliyejenga makasha ya mizigo kwa miaka mingi, na hata moja halijawahi kurudishwa kwake. Akaniambia, "Tunafunga yubolti nane, halitoki hilo." Alimaanisha bolti zilizopindwa kama herufi U. Na kweli kasha halikutoka. Nililisukuma kwa bega halikutikisika, nikafurahi kama mtoto. Sikujiuliza kwamba kasha la mizigo halina dirisha, halina bomba la maji ukutani, na likijipinda kidogo magunia hayalalamiki.

Mwanzo tulikuwa kwenye lami, hakuna neno. Siku tuliyoingia njia ya mawe tulifika jioni kando ya mto mkavu, tumechoka, nikaegesha vibaya: gurudumu la mbele la kulia juu ya tuta, la nyuma la kulia ndani ya mfereji. Tukala, tukalala tumeinama. Usiku nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja penseli. Nikasema moyoni, chuma kinapoa.

Asubuhi mlango ukakataa. Kitasa kilizunguka, kufuli lilikuwa wazi, lakini mlango ulikuwa umebanwa na fremu yake kwenye pembe ya juu, na chini upande wa bawaba palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Nikapiga bega mara mbili. Mke wangu akasema niache kabla sijavunja cha kuvunjika. Nikatokea dirishani, miguu kwanza, na nguo za kulalia, nikatua kwenye miiba. Nikawasha lori, nikasogea kama mita mbili hadi penye tambarare. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kana kwamba haukuwa na ugomvi na mtu.

Ndipo nikaanza kutafuta. Kwenye pembe ya chini ya dirisha palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Chini ya sinki gundi ilikuwa imeachia ukutani. Yubolti mbili za mbele zilikuwa zimelegea, na moja ilikuwa imekula ukingo wa chesi hadi chuma kinang'aa. Penseli iliyovunjika sijui hadi leo ilikuwa ipi kati ya hizo.

Kasha lilishushwa. Kati yake na chesi tukaweka fremu ya pili, ya chuma, ambayo ndiyo inayobeba kasha na yenyewe haisokoteki. Hapo kuna njia tatu, na ya kukufaa inategemea lori lako, si ladha yako. Ya kwanza ni pointi tatu za kushika fremu: mbili zimekazwa kwenye ncha moja ya chesi, kushoto na kulia, na ya tatu, katikati ya ncha nyingine, ni pini nene inayoachia chesi izunguke chini yake. Ya pili ni pointi nne za umbo la almasi: moja mbele katikati, moja nyuma katikati, zote zinazunguka, na mbili za pembeni. Ya tatu, nzuri kwa chesi isiyojipinda sana, ni fremu inayolala juu ya chesi kwa urefu wote, imekazwa nyuma, na kwa mbele imeshikwa na springi zinazoruhusu chesi iachane nayo kidogo kisha irudi. Pointi chache maana yake mzigo mwingi mahali padogo, kwa hiyo usikadirie kwa jicho. Watengenezaji wa malori hutoa mwongozo kwa wajenzi wa bodi. Uutafute wa lori lako hasa, uusome kabla ya fundi, na umpe fundi akiwa hajashika drili. Mara nyingi utakuta humo mambo mawili: usitoboe kingo bapa za juu na za chini za chesi, tumia matundu yaliyoko ubavuni mwake, na usichomelee chesi ovyo. Pale panaporuhusiwa kuchomelea, betri hutolewa waya kwanza, la sivyo unaweza kuchoma kompyuta ya injini.

Kisha jaribu kabla kasha halijapanda. Pandisha gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili juu ya magogo ya sentimita 30 hivi, halafu chukua futi kamba uzunguke. Fremu imegusa wapi? Kati ya fremu na kichwa pamebaki kiasi gani? Bomba la breki limevutika? Sisi tulikuta pembe ya mbele ya fremu ikikaribia kugusa kichwa, na dawa yake ilikuwa kukata chuma kidogo siku hiyo hiyo. Kasha likiwa juu, ingekuwa hadithi nyingine ya kulala porini.

Mengine nayapitia haraka. Chuma chochote kinachotoka nje hadi ndani ya ukuta, hata bolti moja, kitatoa jasho usiku wa baridi na kulowesha godoro. Tangi la maji liwe chini, karibu na ekseli, na liwe na vizuizi ndani, maana maji yanayokimbia huku na huku hulisukuma lori kwenye kona. Malori mengi ni ya volti 24 na vifaa vingi vya nyumbani ni vya volti 12, kwa hiyo amua mapema nani atambadilishia nani. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, si upande wa pili wa waya. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa joto likiwa chini ya nyuzi 0, basi ziweke ndani, si kwenye sanduku la nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje. Kwenye baridi kali gesi ya butani haigeuki mvuke, tumia propani. Hita ya dizeli hukohoa masizi ukipanda milima mirefu, tafuta inayoweza kurekebishwa. King'ora cha monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto, ni lazima, na usiniambie unalala dirisha likiwa wazi.

Piga picha kuta kabla hazijafunikwa, kila waya na kila bomba, futi kamba ikionekana kwenye picha. Utakuja kutoboa ukuta siku moja na hutakumbuka.

Likikamilika, peleka lori kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, maji na watu ndani, upime kila ekseli, na kama mizani inaweza, kila gurudumu. Jiko, maji na betri zikiwa upande mmoja, lori litainama na tairi la upande huo litakuambia kwa lugha yake. Safari ya kwanza iwe fupi. Ya pili nayo iwe fupi. Nati zote za fremu zichore mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma, ili iliyolegea ionekane bila spana, na uzikague jioni ya siku ya kwanza ya njia mbaya, si mwisho wa wiki. Spea za vitu vidogo, mikanda, vichujio, mpira wa bomba. Nakala za karatasi za lori. Funguo za akiba zisikae ndani ya lori.

Na dirisha moja, lolote lile, lifunguke kutoka ndani na limpitishe mtu mzima. Langu lilinipitisha kwa shida, na miiba niliing'oa kwa siku mbili.