Somo: Kukagua Ubora wa Huduma na Utoshelevu wa Wahudumu kwa Watu Wenye Ulemavu wa Ukuaji

Mkaguzi wa programu inayowahudumia watu wenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo hupokewa kwa mafaili yaliyopangwa vizuri, na mara nyingi huondoka akiwa amekagua mafaili hayo tu. Ndiyo maana somo hili linaanza na mtu anayehudumiwa, na karatasi zinafuata.

Hatua ya kwanza: kaa na watu. Chagua mwenyewe watu wachache, wakiwemo wasioongea kwa maneno, wala usikubali msimamizi akuchagulie. Soma mpango binafsi wa kila mmoja, yaani maandishi ya mahitaji yake na huduma anazopaswa kupata, kisha shinda naye tangu anapoamka hadi anapolala, ukiangalia ni nani anayeamua avae nini, ale saa ngapi na akae na nani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatambua, katika Ibara ya 19, haki ya mtu kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na Ibara ya 16 inataka programu za namna hii zifuatiliwe na mamlaka huru. Kwa hiyo usijione mgeni anayefadhiliwa kwa kufunguliwa mlango.

Hatua ya pili: hesabu wahudumu waliopo kazini, si walioajiriwa. Weka pamoja ratiba ya zamu, daftari la mahudhurio na orodha ya malipo ya mwezi huohuo. Uwiano wa mhudumu mmoja kwa watu wanne huweza kuwa kweli kwenye ratiba na usiwe kweli saa kumi na mbili asubuhi, wakati wote wanahitaji kuogeshwa, mmoja wa wahudumu yuko likizo na mpishi amehesabiwa kama mhudumu. Fika pia usiku na mwishoni mwa wiki, bila taarifa.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: pima kuondoka kwa wahudumu. Gawanya idadi ya walioondoka mwaka mzima kwa idadi ya nafasi, uzidishe kwa 100. Wakiondoka 8 katika nafasi 20, kiwango ni asilimia 40. Usiishie hapo, bali uliza ni nafasi zipi. Ikiwa wote 8 wamepishana katika nafasi mbili zinazomhudumia mtu yuleyule, asilimia hiyo yote imemwangukia yeye. Nilipata kumwona kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye huomba maji kwa kuinua macho mara mbili. Mhudumu mpya aliendelea kumlisha, akadhani anakataa chakula, akaandika kwenye daftari kwamba “amegoma kula”. Aliyeijua ishara ile alikuwa ameacha kazi wiki iliyotangulia, na hakuna aliyeiandika popote.

Hatua ya nne: linganisha daftari la matukio na zamu. Majeraha, kuzuiwa kwa nguvu au dawa za kutuliza vikiongezeka katika zamu zenye upungufu, umepata la kuuliza.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, nitamhojije mtu asiyeongea?
Jibu: Tumia picha, vitu halisi au kifaa anachokitumia, na muulize anayemfahamu vizuri maana ya ishara zake. Hata hivyo, tenganisha katika maandishi yako maneno ya huyo anayemfahamu na yale uliyoyaona wewe, kwa sababu yeye naye ana maoni yake.

Swali: Kituo chetu hakijaandika tukio lolote mwaka mzima. Je, si dalili njema?
Jibu: Ndugu, mahali wanapoishi watu wenye kifafa na shida ya kutembea, mwaka usio na hata anguko moja unatia shaka. Waulize wahudumu, mmoja mmoja na faraghani, mwenzao wa mwisho aliyeripoti jambo alitendewa nini.

Swali: Tukikuta upungufu, tuanze na ajira mpya au mishahara?
Jibu: Zungumzeni kwanza na walioondoka na waliobaki. Wakitaja malipo au zamu zisizo na mapumziko, ajira mpya zitajaza nafasi ambazo zitaachwa tena. Wakati huohuo, wanaokaribia kuondoka waandike ishara za kila mtu wanayemhudumia, wakae na wapya zamu kadhaa, naye anayehudumiwa awepo wakati wa kukabidhiana.