Mzazi wako hayumo kwenye SHA yako: jinsi ya kumsajili na kumlipia

Kibanda changu cha M-Pesa kiko Kondele, Kisumu, karibu na hospitali ambayo kwenye bango inaitwa Jaramogi Oginga Odinga lakini sisi wa hapa bado tunaiita Russia, kwa kuwa Wasovieti ndio waliotujengea. Ukiwa na biashara karibu na hospitali, wateja wako nusu ni watu wenye mgonjwa. Mtu anakuja mbio, jasho linamtoka, ananiambia: "Dada, nisaidie, mzee wangu amelazwa na wanasema SHA yake haionekani. Na mimi nakatwa kila mwezi!"

Hapo ndipo ninapoanza na habari mbaya. SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya serikali. Unakatwa, ndiyo. Asilimia 2.75 ya mshahara wako, yaani mwenye 30,000 anatoa 825 kila mwezi. Lakini pesa hiyo inakufunika wewe, mwenzi wako na watoto wenu. Baba na mama hawamo. Wao wanahesabiwa kuwa kaya yao wenyewe, wana usajili wao na malipo yao. Ningekuwa na shilingi kumi kwa kila mtu aliyeshtuka nikimwambia hivyo, ningekuwa nimeshahamia Milimani, mtaa wa wenye pesa.

Sijifanyi mjuzi. Mama yangu yuko Chavakali, kaunti ya Vihiga, ana miaka 74. Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani, nilikuwa namlipia 500 kila mwezi bila kukosa. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nikadhani kila kitu kitahama chenyewe, kama vile laini ya simu inavyobaki na nambari yako hata ukibadilisha simu. Miezi ikapita. Siku presha ilipompanda akalazwa, ndipo tulipojua kwamba hakuwa amefanyiwa tathmini ya uwezo wa kulipa wala kulipiwa hata senti. Bili ya 18,400 tuliichangia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na shemeji mmoja mpaka leo hajasahau kutukumbusha mchango wake.

Kwa hiyo nakueleza jinsi mambo yanavyokwenda, kama ninavyowaeleza wateja wangu.

Kwanza jua kwamba SHA ina mifuko mitatu, na si yote inayodai malipo. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, ule wa dispensari na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Huo unagharamiwa na serikali. Mzee aliyesajiliwa tu, hata kama hajalipa chochote, anatibiwa huko bila kulipa. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, SHIF, unaolipia kulazwa, upasuaji na matibabu ya hospitali za ngazi ya 4 hadi 6. Huo ndio unaodai mchango. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao huingia pale kiwango cha SHIF kinapokwisha.

Tofauti ya mfuko wa kwanza na wa pili ndiyo inayowaumiza wazee wengi. Mtu anasajiliwa kwenye mkutano wa chifu, anapata ujumbe kwenye simu kwamba usajili umefaulu, anarudi nyumbani akijua yuko sawa. Yuko sawa kwa dispensari. Akivunjika nyonga na kupelekwa hospitali ya kaunti, hayuko sawa. Kusajiliwa na kulipiwa ni vitu viwili.

Usajili wenyewe ni rahisi kama karatasi ziko tayari. Unapiga *147# kwenye simu yoyote, hata kabambe, unaweka nambari ya kitambulisho na kufuata maelekezo. Asiyeweza, mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini anakuja na simu ya kazi na kumsajili akiwa amekaa chini ya mwembe wake. Pia kuna Huduma Center na ofisi za SHA za kaunti. Ni bure. Anayekuambia utoe mia mbili ya "kufungua faili" ni mwizi wa kawaida tu.

Kinachokwamisha ni simu. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wao aliye Nairobi, au laini iliyopotea miaka mitatu iliyopita. Nambari ya siri ya uthibitisho inatumwa huko, nanyi mnabaki mkitazamana. Kabla ya kuanza lolote, mpatie mzazi wako laini yake mwenyewe, kwa kitambulisho chake mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache kwa wakala. Angalia pia kama jina kwenye kitambulisho linasomeka. Nimeona vitambulisho vya tangu zamani vilivyofutika mpaka uso umebaki kivuli. Hicho kibadilishwe kwanza.

Baada ya hapo yanakuja yale maswali ambayo mama yangu huyaita maswali ya mabati na ng'ombe. Ndiyo tathmini ya uwezo. Wasio na mshahara hupimwa nayo ili ijulikane nyumba yao itoe kiasi gani. Unaulizwa ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, maji mnatoa wapi, mko wangapi, mna mifugo. Mfumo unapiga hesabu na kukuletea kiasi. Hakiwezi kushuka chini ya 300 kwa mwezi, na kinalipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Hivyo wa chini kabisa ni 3,600, karibu pesa za miezi miwili za Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali kwa wazee, ambayo ni 2,000 kwa mwezi.

Hapa nataka ukae na mzazi wako, usimwache ajibu peke yake. Sisemi mdanganye. Nasema wazee wetu wana heshima zao, na mbele ya mgeni mwenye simu hawapendi kuonekana maskini. Mama alipoulizwa mifugo, alijibu ng'ombe wawili. Mmoja ni wa shemeji yake, amefugishwa tu pale. Alipoulizwa nyumba, alieleza kwa fahari vigae ambavyo kaka yangu alimwekea, na mtu akisikia vigae anadhani kuna mshahara nyuma yake, kumbe kuna mama wa miaka 74 anayeuza ndizi Jumamosi. Ikatoka 640 kwa mwezi, 7,680 kwa mwaka. Tulikwenda ofisi ya SHA tukaomba arudiwe, safari hii nikiwa nimekaa kando yake nikimkumbusha ng'ombe ni wa nani. Ikashuka hadi 430. Kwa mwaka ni 5,160, nasi tuko wanne, kila mtu 1,290. Hata yule kaka anayechelewa kwa kila kitu aliitoa.

Kulipa unaweza kufanya ukiwa popote, kwa M-Pesa, ukitumia nambari ya kitambulisho cha mzazi, siyo yako. Narudia: ya mzazi. Nimeona mtu akilipa mwaka mzima kwa kitambulisho chake mwenyewe, ilhali yeye anakatwa kazini. Ukimaliza, piga tena *147# uangalie hali yake. Usiridhike na ujumbe wa M-Pesa peke yake. Kama pesa ya pamoja haipatikani, kuna mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ulioanza mwaka 2025: unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unarudisha kwa siku, wiki au mwezi. Ni mkopo, uliza gharama yake kabla hujakubali. Kwangu mimi chama cha ndugu wanne kilikuwa nafuu zaidi.

Na wasio na mtu? Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Jirani yako akiwa mzee wa namna hiyo, msaidie asajiliwe na afanyiwe tathmini, kisha umuulizie kwa mhudumu wa afya ya jamii na kwa chifu. Lakini asikae akidhani kwamba kwa kuwa anapokea Inua Jamii basi SHA imelipwa. Angalia kwenye simu. Na wewe uliyestaafu juzi, mwalimu au karani, ile siku mshahara unakoma na makato yanakoma. Hakuna atakayekupigia kengele kwamba sasa ujilipie mwenyewe.

Siku ya kutibiwa, anza chini. Presha na sukari za kila mwezi zifuatwe dispensari au kituo cha afya, huko ndiko kuna ule mfuko wa bure. Ukiruka moja kwa moja hospitali kubwa kwa kuwa daktari wake ana jina, unaweza kulipia kuonwa na dawa kutoka mfukoni. Jambo likizidi, omba barua ya rufaa. Dawa zikikosekana dispensari, na hukosekana, muulize mhudumu siku zinapoletwa. Sisi tumeshajua wiki yetu. Kwa wenye figo, kikao kimoja cha kusafisha damu kimewekewa 10,650, pesa ambayo mzee hawezi kuitoa mkononi mara mbili kwa wiki. Kama kuna mgonjwa wa figo nyumbani, usiache mchango wake upite tarehe hata kwa siku moja.

Kisha kuna vidole. Hospitali zinataka alama za vidole kuthibitisha kwamba mgonjwa ni yeye. Mikono iliyolima na kuchuma chai miaka 50 imelainika kama jiwe la mtoni. Mama alipokwenda kliniki yake ya kwanza baada ya kulipiwa, walijaribu kidole gumba, cha shahada, cha kati, mashine ikakataa yote. Muuguzi mmoja mwenye subira akamwambia aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, ajifute vizuri, kisha wakajaribu tena. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali. Tangu siku hiyo akifika dirishani anatanguliza hicho hicho. Nawe ukimpeleka mzazi wako, nenda mapema, usitarajie dakika tano.

Kwa sababu ya hivyo vidole, mwambie pia asiviweke ovyo. Wako watu wanaozunguka wakitangaza matibabu ya bure, wanakusanya vitambulisho na alama za vidole, kisha mzee anaandikwa amelazwa siku nne mahali asipopajua. Asiyetibiwa asiweke kidole.

Kwa mama nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa kabati la vyombo. Ina nambari yake ya kitambulisho, nambari ya simu yake, kiasi cha mwaka, tarehe mchango unapokwisha, jina la dispensari, na chini kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu: kidole cha pete, kushoto. Tarehe hiyo hiyo iko kwenye simu yangu na ya dada yangu, mwezi mmoja kabla, maana wanne wetu tunahitaji mwezi mzima kukusanya 5,160.